Fomu na Jicho la Mtaalamu: Kusawazisha Mwongozo na Busara katika Huduma za Ustawi wa Jamii

Utangulizi

Sehemu kubwa ya huduma za ustawi wa jamii siku hizi hutolewa kwa kufuata programu zilizopangwa. Kuna mwongozo, kuna fomu ya tathmini, kuna idadi ya matembezi ya nyumbani, na kuna muda ambao kila hatua inapaswa kuwa imekamilika. Hata hivyo, anayeupeleka mwongozo huo nyumbani kwa watu ni mtaalamu mwenye elimu, uzoefu na macho. Mara nyingi fomu na mtaalamu huafikiana. Lakini zipo siku ambazo fomu husema jambo moja na jicho la mtaalamu likaona jingine. Siku hizo ndizo mada ya somo hili.

Somo linawalenga maafisa ustawi wa jamii, wauguzi, madaktari na wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Baada ya kulisoma, msomaji anatarajiwa kuweza kueleza kwa nini programu zilizopangwa zilianzishwa, mahali zinapopungukiwa, na namna mtaalamu anavyoweza kutoka nje ya mwongozo bila kuitupa nidhamu ya kazi yake.

Nyumba mbili kwa siku moja

Uchukuliwe mfano wa kubuni. Afisa ustawi wa jamii wa kata moja anatembelea nyumba mbili akiwa na fomu ileile ya tathmini ya usalama wa mtoto.

Nyumba ya kwanza anaishi bibi na mjukuu wake wa kike mwenye umri wa miaka saba. Sakafu ni ya udongo, kitanda ni kimoja, chandarua kimetoboka, na chakula ni uji asubuhi na mlo mmoja jioni. Afisa anapopiga hodi na kumwamkia bibi shikamoo, mtoto anakuja mbio na daftari lake la shule ili mgeni alione. Wakati wote wa mazungumzo ameegemea paja la bibi yake. Fomu inapojumlishwa, alama zinaangukia kundi la hatari kubwa.

Nyumba ya pili anaishi mvulana wa miaka tisa pamoja na baba yake mdogo na mke wa huyo baba. Sakafu ni ya vigae, mtoto ana chumba chake, ada ya shule imelipwa na milo ni mitatu. Mwenyeji anafahamika katani kwa michango yake. Mgeni anakaribishwa soda na kuulizwa hali ya mama yake mzazi. Kila swali analoulizwa mvulana linajibiwa na mama mdogo. Kikombe kinapoanguka na kuvunjika jikoni, mtoto ananyanyua mikono yote miwili na kujikinga kichwa. Fomu inapojumlishwa, alama zinaangukia kundi la hatari ndogo. Haina mahali pa kuandika habari ya kikombe.

Afisa huyo afanye nini? Jibu la haraka ni kwamba aifuate busara yake. Jibu hilo halitoshi, na historia ya taaluma yenyewe inaonyesha sababu.

Kwa nini miongozo ilizaliwa

Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Wataalamu wawili wakiitazama familia moja bila utaratibu wa pamoja, mara nyingi huondoka na hukumu mbili tofauti. Mwaka 1954 mwanasaikolojia wa Marekani Paul Meehl alichapisha kitabu kilicholinganisha utabiri unaofanywa na wataalamu kwa hisia ya uzoefu na ule unaofanywa kwa kanuni rahisi za kihesabu. Tangu wakati huo jambo hilo limechunguzwa mara nyingi. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2000, uliokusanya tafiti 136 za masuala ya afya na tabia za binadamu, ulionyesha kwamba kwa wastani kanuni zilikuwa sahihi kuliko wataalamu kwa takribani asilimia 10. Katika tafiti nyingi pande hizo mbili zilikaribiana. Zile ambazo wataalamu walishinda waziwazi zilikuwa chache.

Sababu zake hazimdhalilishi mtaalamu. Binadamu huchoka. Hukumbuka zaidi shauri la jana kuliko mashauri mia ya mwaka uliopita. Huathiriwa na ukarimu wa mwenyeji, hadhi yake, kabila lake, dini yake na lugha yake. Fomu haichoki, wala haijali aliyekaribishwa soda.

Gharama ya kutegemea hukumu ya mtu peke yake ilionekana nchini Uingereza katika kifo cha Victoria Climbié. Mtoto huyo, mzaliwa wa Côte d'Ivoire, alifariki dunia London mwezi Februari 2000 akiwa na umri wa miaka minane, baada ya mateso ya muda mrefu mikononi mwa shangazi wa baba yake na mwanaume aliyekuwa akiishi naye. Mwili wake ulikutwa na majeraha 128. Katika miezi iliyotangulia alikuwa ameonwa na maafisa ustawi, polisi na madaktari. Katika hospitali mojawapo daktari wa ngazi ya chini alishuku kwamba mtoto alikuwa akidhuriwa, lakini daktari bingwa akaamua kwamba alama za mwilini zilitokana na upele, na uamuzi wa mkubwa ukawa ndio uamuzi wa wote. Uchunguzi wa umma ulioongozwa na Lord Laming, ambao ripoti yake ilitolewa Januari 2003, ulibaini nafasi zisizopungua 12 ambazo vyombo husika vingeweza kumwokoa. Ripoti hiyo ilitoa mapendekezo 108.

Kwa wasomaji wa fani ya tiba, shauri hilo lina funzo la pekee. Upele unaweza kuwa ugonjwa wa kweli wa mtoto, na mtoto huyohuyo akawa anapigwa. Kosa lilikuwa kuruhusu uamuzi mmoja wa kitaalamu, wenye uzito wa cheo, ufunge maswali ambayo utaratibu mzuri ungeyaacha wazi.

Miongozo ilipozidi kipimo

Baada ya hapo Uingereza iliongeza taratibu, fomu, mifumo ya kompyuta na muda maalumu wa kukamilisha kila tathmini. Nia ilikuwa njema. Lakini Agosti 2007 mtoto mwingine, Peter Connelly, aliyekuwa na umri wa miezi 17, alifariki dunia katika manispaa ileile ya Haringey ambayo ustawi wake wa jamii ulimshughulikia Victoria. Katika miezi minane ya mwisho ya uhai wake alikuwa ameonwa na watoa huduma takribani mara 60. Matembezi yalikuwepo, na kumbukumbu zilikuwepo. Idadi ya mara alizoonwa haikumsaidia.

Mwaka 2010 serikali ya Uingereza ilimwomba Profesa Eileen Munro wa London School of Economics aupitie mfumo mzima wa ulinzi wa mtoto. Ripoti yake ya mwisho, iliyotolewa Mei 2011 ikiwa na mapendekezo 15, ilieleza kwamba mfumo ulikuwa umeelemea mno upande wa kutimiza taratibu. Wafanyakazi walipimwa kwa kumaliza fomu ndani ya muda, huku swali la kama mtoto amesaidika likipewa nafasi ndogo. Munro hakupendekeza miongozo ifutwe. Alipendekeza ipunguzwe, muda wa lazima wa tathmini ulegezwe, na nguvu zielekezwe kwenye utaalamu, usimamizi na kujifunza kutokana na makosa.

Mtu anaweza kuusoma mlolongo huo kama mchezo wa bembea: busara ilishindwa, miongozo ikaletwa, miongozo ikashindwa, busara ikarudishwa. Usomaji huo unapotosha. Katika mashauri yote mawili kilichokosekana ni mtu wa kuuliza kwa sauti, na kwa maandishi, kwa nini kinachoonekana hakilingani na kilichoandikwa.

Funzo kutoka programu ya wauguzi wa nyumbani

Uhusiano wa mwongozo na busara unaonekana vizuri zaidi katika programu iliyochunguzwa kwa miaka mingi: ile ya wauguzi wanaowatembelea nyumbani kina mama wanaozaa kwa mara ya kwanza, iliyoasisiwa na David Olds wa Marekani. Jaribio lake la kwanza lilianza Elmira, jimbo la New York, mwaka 1977, likihusisha wanawake 400. Muuguzi humtembelea mama tangu ujauzito hadi mtoto afikishe miaka miwili, kwa mada na ratiba iliyopangwa. Ufuatiliaji uliochapishwa mwaka 1997, miaka 15 baada ya watoto kuzaliwa, ulionyesha kwamba matukio yaliyothibitishwa ya ukatili na utelekezaji wa watoto yalikuwa machache zaidi katika familia zilizotembelewa. Majaribio mengine yalifuata Memphis na Denver.

Uingereza iliichukua programu hiyo mwaka 2007, ikisisitiza ifuatwe kama ilivyoandikwa, kwa matembezi yanayoweza kufikia 64 kwa kila mama. Jaribio lililohusisha wanawake 1,645 wenye umri wa miaka 19 au chini yake, lililochapishwa katika jarida la The Lancet, halikuonyesha tofauti katika vipimo vinne vikuu: uvutaji wa sigara mwishoni mwa ujauzito, uzito wa mtoto kuzaliwa, mimba nyingine ndani ya miaka miwili, na mtoto kufikishwa hospitali kwa dharura.

Maelezo mojawapo yanayotolewa ni kwamba mama wa Kiingereza asiye kwenye programu tayari alikuwa na mkunga na muuguzi wa jamii bila malipo, hivyo nafasi ya kuongeza faida ilikuwa ndogo. Programu ileile, katika mazingira tofauti, haikuzaa matunda yaleyale. Baadaye wasimamizi wake nchini Uingereza waliirekebisha ili muuguzi aweze kuongeza au kupunguza matembezi na mada kulingana na hali ya mama, kwa vigezo vilivyokubaliwa. Uhuru huo haukuwa holela: muuguzi alipewa mahali pa kurekebisha, na mpaka wa kutovuka.

Mguu uliovunjika

Meehl mwenyewe, aliyezitetea kanuni, alitoa mfano unaofaa kubandikwa ukutani mwa kila ofisi ya ustawi wa jamii. Kanuni inatabiri kwamba profesa fulani ataenda sinema jioni. Mtazamaji anajua jambo ambalo kanuni hailijui: profesa amevunjika mguu na yuko ndani ya plasta. Hapo ni sahihi kabisa kuiacha kanuni. Meehl alionya, hata hivyo, kwamba miguu iliyovunjika ni michache kuliko wataalamu wanavyodhani. Kila anayetaka kuikwepa kanuni hujiaminisha kwamba ameona mguu uliovunjika.

Hivyo kigezo kinahitajika. Jambo linastahili kuitwa mguu uliovunjika likitimiza masharti matatu. Kwanza, liwe limeonekana au kusikika. Lisiwe hisia tu. Pili, liwe halimo ndani ya fomu, yaani halijahesabiwa tayari. Tatu, liwe na uhusiano wa moja kwa moja na kinachoamuliwa.

Kikombe kilichovunjika katika nyumba ya pili kinatimiza yote matatu. Mtoto kujikinga kichwa ni tendo lililoonekana, fomu haikuliuliza, na linagusa usalama wake. Heshima ya mwenyeji katani haitimizi hata sharti la tatu. Kumbe soda na kikombe vimetokea sebule moja, lakini ni kimoja tu chenye haki ya kubadili uamuzi.

Kanuni tano za utendaji

*Jaza kwanza, pima baadaye.* Mtaalamu akamilishe tathmini iliyopangwa kabla ya kutoa hukumu yake. Akianza na hukumu, majibu ya fomu huvutwa kuifuata.

*Jua kiini na pembeni.* Kila programu ina mambo yasiyoguswa na mambo yanayorekebishika. Kuzungumza na mtoto faraghani ni kiini. Siku na mahali pa mazungumzo ni pembeni. Asiyejua tofauti hiyo huvunja la kwanza akidhani analegeza la pili.

*Kupandisha hatari kuwe rahisi, kuishusha kuwe kugumu.* Mtaalamu aliyeona jambo la kutia shaka aweze kupandisha kiwango cha hatari peke yake, siku hiyohiyo. Anayetaka kukishusha chini ya kile kilichotolewa na fomu apate jicho la pili, la msimamizi au mwenzake. Makosa ya pande hizo mbili hayalingani: moja hugharimu matembezi ya ziada, jingine laweza kugharimu uhai.

*Andika sababu na tarehe ya kurudi.* Sentensi tatu zinatosha: nini kimeonekana, uamuzi gani umechukuliwa, lini utapitiwa upya. Busara isiyoandikwa haiwezi kusahihishwa wala kufundishwa. Mwenye nayo akihamishwa kituo, huondoka nayo.

*Msimamizi asome, na mwongozo ujifunze.* Maandishi ya kutoka nje ya mwongozo yakusanywe na kujadiliwa mara kwa mara, bila vitisho. Maafisa kumi wakiandika kwamba fomu haina nafasi ya tabia ya mtoto mbele ya mlezi, basi fomu ndiyo yenye kasoro, na irekebishwe.

Mazingira ya Tanzania

Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanyika Tanzania mwaka 2009, ambao Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kilishiriki pamoja na UNICEF na kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, ulionyesha kwamba karibu wasichana watatu kati ya kumi na takribani mvulana mmoja kati ya saba walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Karibu robo tatu walikuwa wamepata ukatili wa kimwili. Miongoni mwa wasichana waliofanyiwa ukatili wa kingono, takribani nusu tu walimweleza mtu yeyote.

Takwimu hizo zinagusa moja kwa moja namna fomu inavyojazwa. Ikiwa ukimya ni hali ya kawaida kwa mtoto aliyeumizwa, basi jibu la "hapana" lililotolewa mbele ya mlezi lina thamani ndogo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaweka maslahi bora ya mtoto kuwa jambo la msingi katika kila uamuzi unaomhusu. Sheria haikusema maslahi bora ya fomu, wala maslahi bora ya fahari ya mtaalamu.

Wapo watakaosema kwamba afisa mwenye kata nzima mikononi hana muda wa kuandika sababu. Lakini ni yeye hasa anayehitaji utaratibu huu. Fomu fupi humwezesha kutambua haraka familia zinazohitaji macho zaidi, na sentensi tatu humsaidia asisahau alichokiona baada ya nyumba ya ishirini.

Kurudi katika nyumba mbili

Katika nyumba ya kwanza, afisa hapaswi kufuta alama kwa sababu bibi amempendeza. Anaandika kwamba hatari iliyopimwa ni ya ufukara, na kwamba mapenzi na uangalizi wa mlezi vimeonekana. Anapendekeza chandarua kipya, msaada wa chakula na kuunganishwa na mpango wa kunusuru kaya, huku mtoto akibaki kwa bibi yake. Kwa kuwa anashusha kiwango cha hatari, analipeleka shauri kwa msimamizi kabla ya kulifunga. Bila hatua hiyo, fomu ingeweza kumtenganisha mtoto na mtu pekee anayemwegemea.

Katika nyumba ya pili anapandisha kiwango siku hiyohiyo. Hamkabili mlezi kwa tuhuma, kwani mtoto ndiye atakayebaki nyumbani usiku. Anapanga mazungumzo ya faragha shuleni kwa msaada wa mwalimu wa ushauri, akitumia maswali ya wazi yasiyomtilia mtoto maneno kinywani. Anaomba uchunguzi wa kitabibu. Dalili zikithibitika, analifikisha shauri Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Hatua zote zina tarehe.

Inawezekana ikabainika kwamba mvulana huyo alipigwa mahali alipoishi zamani, na kwamba walezi wake wa sasa wanajitahidi kumtuliza. Hata hivyo afisa hatakuwa amekosea. Uamuzi mzuri hupimwa kwa ushahidi uliokuwepo ulipofanywa na kwa njia iliyofuatwa, na mtoto aliyezoea kujikinga kichwa anahitaji msaada hata kama aliyempiga yuko mbali.

Hitimisho

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na waandishi wa miongozo hawakulala katika kila nyumba. Lakini mtaalamu naye hulala katika nyumba chache, na huziona kwa macho yaliyozoea mambo fulani. Programu iliyopangwa humkinga mtoto dhidi ya upofu wa mtaalamu. Busara ya mtaalamu humkinga dhidi ya upofu wa programu. Kinachoviunganisha ni sababu iliyoandikwa, ikasomwa na mtu wa pili, na kupewa tarehe ya kurudiwa.

Maswali ya kujipima

1. Taja masharti matatu ya jambo linaloweza kuitwa "mguu uliovunjika". Toa mfano mmoja kutoka kituo chako cha kazi.
2. Kwa nini kushusha kiwango cha hatari kunahitaji jicho la pili, ilhali kukipandisha hakuhitaji?
3. Chagua fomu moja inayotumika katika kazi yako. Ni jambo gani muhimu ambalo haina mahali pa kuliandika?
4. Daktari wa ngazi ya chini anashuku ukatili, daktari bingwa anaona upele. Eleza utaratibu ambao ungehakikisha shaka ya wa kwanza haipotei.